Kiongozi Asiyepata Usingizi

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya haki ya mjane, mpaka wa shamba, mahabusu asiyejua kosa lake, na mengine mengi yaliyokabidhiwa kamati zetu za haki na amani. Safari hii twapenda kumtazama yule anayetumwa kuyashughulikia: mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, katekista wa kigango, mjumbe wa kamati. Jumapili waamini humwona amesimama mbele akisoma matangazo kwa sauti ya uhakika. Hawamwoni saa nane za usiku. Pengine alishuhudia mbele ya baraza kwamba shamba ni la mjane, na tangu siku hiyo ndugu za marehemu hawaitikii salamu yake. Pengine fedha za mabati ya kanisa zimepungua, naye ndiye aliyetia sahihi. Pengine ameletewa barua isiyo na jina. Amelala chali, macho yametazama paa, anahesabu yatakayotokea kesho, na kesho kutwa, na siku watoto wake watakapopita njia ile peke yao.

Wapo wanaomwambia mtu huyu kwamba wasiwasi wake ni upungufu wa imani. Angeamini kweli, angelala. Sisi hatukubaliani nao, na twaona kwamba maneno hayo humwongezea mzigo wa pili juu ya ule wa kwanza. Tusome sura ya 11 ya kitabu cha Hesabu. Watu wanalia jangwani wakitaka nyama, kila mmoja mlangoni pa hema yake, naye Musa amechoka. Anamwuliza Mungu kama ni yeye aliyewachukulia mimba watu hawa hata awabebe kifuani kama watoto wachanga. Anasema hawawezi peke yake, na kama mambo ni hayo basi heri afe. Sala hiyo haina adabu nyingi, lakini Mungu hakumkaripia Musa kwa ajili yake. Alimwagiza akusanye wazee 70, akatwaa sehemu ya roho iliyokuwa juu ya Musa akaiweka juu yao, wapate kuubeba mzigo pamoja naye.

Eliya naye, alipomkimbia Yezebeli, aliketi chini ya mti jangwani akaomba kufa. Malaika hakumpa mahubiri. Alimpa mkate uliookwa juu ya makaa, na maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale mara ya pili kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Huko mlimani Horebu ndipo Eliya, aliyedhani amebaki peke yake, alipoambiwa kwamba wapo watu 7,000 katika Israeli ambao hawajampigia Baali magoti. Tena akapewa Elisha awe msaidizi wake na mrithi wake.

Kutoka katika Maandiko twende kwa mtu wa karne iliyopita, aliyeusimulia usiku wake wa hofu katika kitabu. Martin Luther King alikuwa mchungaji wa Kibaptisti katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani. Nasi Wakatoliki twaweza kujifunza kwake bila aibu yoyote. Desemba 1955, baada ya mama Rosa Parks kukamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti cha basi, watu weusi wa mji ule waligoma kupanda mabasi. King alichaguliwa kuwaongoza, naye hajatimiza hata miaka 27. Vitisho vikaanza kumiminika nyumbani kwake. Usiku mmoja wa mwishoni mwa Januari 1956, simu ililia karibu na usiku wa manane, na mtu akamtishia kifo. King hakuweza kulala tena. Aliingia jikoni akachemsha kahawa, lakini hakuinywa. Alikaa akifikiri namna ya kuuacha uongozi bila kuonekana mwoga. Kisha akainamia meza ile ya jikoni akasali kwa sauti, akamkiri Mungu kwamba anaogopa na kwamba nguvu zake zimefika mwisho. Hapo, anasimulia, alihisi Mungu yuko karibu naye kuliko wakati wowote mwingine, na hofu ikaanza kumwondoka.

Simu za vitisho hazikukoma. Tarehe 30 Januari bomu lililipuka nje ya nyumba yake, mke wake na mtoto mchanga wakiwa ndani. Kwa neema ya Mungu hawakuumia. Umati wenye hasira ulikusanyika, baadhi yao wakiwa na silaha, naye akawasihi warudi makwao kwa amani. Mgomo uliendelea kwa siku 381 hata ushindi ukapatikana. Lakini tusisahau kwamba siku zote hizo King hakuwa peke yake. Mwalimu mmoja mwanamke, Jo Ann Robinson, alikuwa amekesha usiku ule ule Rosa Parks alipokamatwa akichapa maelfu ya karatasi za kuwaita watu kwenye mgomo. Wenye magari waliwabeba wasio nayo, na wengi walitembea kwa miguu.

Wala tusidanganyane: imani haituahidi kwamba tunaloliogopa halitatokea. King mwenyewe aliuawa mwaka 1968. Na karibu nasi zaidi, huko Bukavu, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliwatetea wakimbizi wa Rwanda waliofurika jimboni mwake kuanzia mwaka 1994, pamoja na wenyeji wa Kivu, mpaka wanajeshi walipomwua tarehe 29 Oktoba 1996. Alikuwa amebaki na watu wake mjini. Twaamini kwamba hofu aliijua, maana mtu wa akili timamu huijua, ila haikumfukuza.

Sasa tujitazame sisi wenyewe. Katika bustani ya Getsemani Bwana wetu, akiwa na huzuni ya kufa, aliwaomba rafiki watatu wakeshe naye. Walilala. Nasi tumelala mara nyingi. Maaskofu wa nchi za AMECEA walipochagua, katika miaka ya 1970, kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo, hawakukusudia kwamba mtu mmoja awe mwenyekiti, katibu, mtunza hazina na mpatanishi wa ugomvi wa kila nyumba. Lakini ndivyo ilivyo katika vigango vingi. Tunamchagua mtu kwa makofi, kisha tunamwachia funguo. Akichelewa tunanung'unika, akitishwa tunasema alijitakia. Katekista atembea saa tatu kufundisha watoto wetu, na hatumwulizi amekula nini.

Twaomba basi, katika mkutano ujao wa kila kamati na kila jumuiya, kabla ya kufungua ajenda, kila kiongozi aulizwe ni jambo gani analolibeba peke yake, na apewe nafasi ya kujibu bila kuchekwa. Jambo hilo litajwe katika sala kwa jina lake: mabati, barua, shamba la fulani. Kisha wachaguliwe wawili wa kulibeba pamoja naye. Anayekwenda barazani kwa ajili ya mjane asiende peke yake. Fedha zihesabiwe mbele ya watatu, na hesabu zibandikwe mlangoni pa kanisa. Na kama yuko mwenzetu ambaye hajalala vema kwa wiki nzima, mtu ashike zamu yake Jumapili hii, na wamama wa jumuiya, au wababa kama wanajua kupika, wampelekee chakula.