Upele kwa mtoto mwenye siliaki



Ugonjwa wa siliaki, ambao mwili huathiriwa na gluteni ya ngano na shayiri, huweza kutokea hata kwenye ngozi. Vipele vyake, vilivyoelezwa na Louis Duhring mwaka 1884, ni malengelenge madogo yanayowasha kwenye viwiko, magoti na matako, pande zote mbili. Kwa watoto ni nadra. Huko Kitshanga, mji wa mashariki mwa Kongo walikosongamana wakimbizi wa ndani, ni busara kushuku upele wa kuambukiza kwanza: huwasha usiku, hukaa kati ya vidole, na nyumba nzima hujikuna. Ikiwa ni siliaki, fufu ya muhogo, viazi na maharagwe havina gluteni, maandazi yanayo. Dawa ya dapsoni hutuliza mwasho upesi, ila damu ipimwe kwanza kuona upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na gluteni iachwe.