Chuma Hakisemi

Wazee wa Kiingereza waliokuwa wanajeshi wa vifaru vya Chieftain wakikutana, husifu mzinga wake wa milimita 120, kisha huilaani injini yake ya Leyland, ambayo haikwisha kuharibika. Lakini wakumbukacho kwa mapenzi ni birika la umeme. Tangu Centurion, kifaru kilichotoka 1945, watu wanne walichemsha chai mumo humo ndani.

Wako wanaowacheka. Mimi siwacheki: aisifuye mvua imemnyea. Makumbusho ya Bovington yamehifadhi chuma, na chuma hakisemi nani aliogopa, nani alimmiminia mwenziwe chai usiku wa baridi. Hayo wanayo wazee, nao wanakwisha. Na yaandikwe wangali hai, ndugu wasomaji. Maiti haulizwi.