Anayekuja na Mtaimbo

Fomu ya kujiandikisha mwaka wa kwanza wa theolojia hapa Goma iliniuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, kanisa ninalosali, kisha asili. Nikaandika: Katindo. Karani akaipitia, akanirudishia. "Katindo ni mtaa, mwanangu. Asili ni kijiji cha baba yako."

Kijiji cha baba kiko Masisi. Nimefika huko mara mbili, zote kwa ajili ya mazishi. Baba ni Mhunde, mama ni Mhutu wa Rutshuru. Walioana 1991, miaka miwili kabla ya mauaji yaliyoanzia Ntoto, huko Walikale, Machi 1993, yakaenea Masisi na kuwagombanisha watu wa makabila yao. Nyumbani tulikuzwa kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho pekee ambacho hakikuwa cha upande wowote. Nilifuta Katindo, nikaandika Masisi, na mama yangu akabaki nje ya karatasi.

Neno "asili" si dogo hapa kwetu. Sheria ya uraia ya 1981 ilimpima Mkongomani kwa kabila la wahenga wake: je, lilikuwa ndani ya mipaka tarehe 1 Agosti 1885? Ile ya 2004 ikasogeza kipimo hadi uhuru wa 1960. Katikati ya tarehe hizo kuna watu waliopoteza uraia, mashamba na uhai. Na tangu waasi wa M23 waingie Goma mwishoni mwa Januari 2025, "kwenu ni wapi?" ni swali ambalo mtu hulijibu baada ya kutazama kwanza nani anauliza.

Ndiyo maana wapo walimu na wachungaji wanaotaka mutuele za wanafunzi, yaani vyama vya kusaidiana vya kikabila, zipigwe marufuku katika vyuo vya dini. Wanauliza: vipi vijana wanaojifunza waraka wa Paulo kwa Wagalatia asubuhi wajikusanye kikabila jioni? Swali ni la haki. Nami nina sababu ya kuliunga mkono, maana katika kikao cha mutuele ya Wahunde mimi ni nusu mgeni. Tunakutana Jumamosi katika nyumba ya mbao, si mbali na Kambi Katindo. Mtunza hazina ana daftari la mistari; anaandika jina, faranga elfu mbili, anatia alama. Maneno yote ni Kihunde. Ninachokosa kwa masikio nakifuata kwa kutazama nyuso. Siku moja mzee mmoja aliyealikwa aliwasema "wale wengine", na wale wengine ni wajomba zangu. Nilinyamaza. Mpaka leo ukimya ule unaniuma.

Lakini sikuacha kwenda, na sababu ni shangazi yangu. Alikimbia Masisi, akafariki mwaka 2024 katika hema kwenye kambi ya wakimbizi ya Bulengo. Mutuele ilileta jeneza, ikakodi gari, na vijana kumi na wawili wakaja kuchimba kaburi. Aliyewahi kuchimba kaburi Goma anajua: chini ni makoro, mawe ya volkano, jembe linagonga na kurudi, mpaka nyundo na mtaimbo. Walichimba tangu alfajiri hadi saa sita, wakapokezana bila kuitana. Chuo kilileta barua ya rambirambi. Ilikuwa nzuri, ikasomwa ibadani. Haikuchimba.

Hapo ndipo wanaotaka marufuku wanapokosea. Ukabila haukuingia chuoni kwa mutuele. Mutuele ilikuta pengo ikaliziba. Benki za Goma zilipofunga milango mwaka 2025, mwanafunzi mgonjwa alikimbilia sanduku la nani? Ukiifunga bila kuweka kitu mahali pake, kikao kitahamia chumba cha ndani zaidi, na maneno ya yule mzee yatasemwa bila mtu kama mimi kuyasikia.

Ushahidi kwamba shule ya dini inaweza kufanya zaidi uko jirani, Burundi. Tarehe 30 Aprili 1997 wauaji waliingia seminari ndogo ya Buta, wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Walikataa, na arobaini wakauawa pamoja. Watu husimulia ujasiri wa asubuhi ile. Mimi natazama miaka iliyotangulia. Tangu vurugu za 1993 nchini humo, mkuu wao, Padri Zacharie Bukuru, aliwapa nafasi ya kulizungumza kabila waziwazi, wakiwa chini ya paa moja, wakila chungu kimoja. Hawakukatazwa kulitaja. Walilitaja mpaka likaisha nguvu ya kuwatenganisha.

Kwa hiyo sitaki marufuku. Nataka chuo kishindane na mutuele katika kazi yake. Kila darasa liwe na daftari la msiba na ugonjwa, chuo nacho kiweke sehemu yake, na anayefiwa aende kuzikiwa na wenzake wa darasa, Mnande, Mshi, Mtutsi, Mhunde, Mhutu, bila mwaliko. Fomu iache kuuliza asili. Ikilazimika, iwe na mistari miwili, wa baba na wa mama. Na mara moja kwa mwezi tuketi tuambiane tulichosikia nyumbani kuhusu wenzetu.

Wakuu wetu, anzeni na daftari. Mitaimbo ipo Katindo, nami nitakuja na wangu.