Trauti anakula chini, wao wanarusha juu!

Najua mtacheka, mwalimu mtarajiwa kuwaletea mada ya uvuvi wa Uingereza. Vumilieni kidogo, ina somo.

Trauti ni samaki wa maji baridi. Majirani zetu Kenya waliletewa mwaka 1905, akapandwa mto Gura kule Aberdare. Lakini ubishi wenyewe uko Hampshire, kwenye mito Test na Itchen. Maji yake yanatoka kwenye chemchemi za miamba ya chaki, masafi kiasi kwamba unamwona samaki anavyokula. Huko hawatumii nyungunyungu. Wanafunga manyoya kwenye ndoana yafanane na mdudu. Ndiyo nzi bandia.

Mwaka 1886 Frederic Halford alitoa kitabu kuhusu nzi wa kuelea juu ya maji. Wafuasi wake wakaifanya hiyo ndiyo njia pekee ya kiungwana. Mwanasheria mmoja, G.E.M. Skues, yeye akapasua matumbo ya samaki aliovua, akakuta wadudu wachanga ambao hawajafika juu. Mwaka 1910 akaandika kutetea nzi wa kuzama. Mwaka 1938 bado wenzake London walikuwa wanafanya mdahalo kama njia yake ni halali!

Tuwe wakweli: mwanzo wa kiangazi, mwisho wa Mei kuingia Juni, wadudu wenye mbawa hutoka majini kwa wingi na trauti wanawadaka juujuu. Siku hizo Halford yuko sahihi kabisa. Tatizo ni pale siku chache zinapogeuzwa sheria. Mpaka leo kuna sehemu za mito hiyo haziruhusu nzi wa kuzama mpaka Julai.

Watetezi wanasema ugumu ndio utamu wa mchezo. Sawa, chagua ugumu wako. Ila usimwite mwenzako mhuni kwa sababu kaangalia samaki anakula nini.

Mimi niko na Skues, tena nina sababu. Karibu tutaenda mazoezi ya kufundisha sekondari. Tutaingia na Kiingereza kinachoelea juu, watoto wako chini wanahangaika, halafu tutasema hawana akili. Jamani, kabla ya kurusha, tuangalie kwanza wanakula wapi.

Ni hayo tu. Anayebisha aje tubishane!