Mzizi wa Gabon na Jeraha Lisiloonekana

Vita haviishi siku bunduki zinaponyamaza. Askari aweza kurejea nyumbani na viungo vyake vyote. Lakini usiku hushtuka usingizini, mlango ukibamizwa hutafuta pa kujificha, na mkewe na watoto huishi kwa kunyata katika nyumba yao wenyewe. Nchini Marekani madaktari wa akili waliyapa maradhi haya jina rasmi mwaka 1980, miaka michache baada ya vita vya Vietnam. Vidonge na mazungumzo na tabibu huwafaa wengi, ila si wote.

Kwa ajili ya hao wasioponyeka, Wamarekani sasa wanautazama mti wa Afrika. Iboga ni kichaka kiotacho katika misitu ya Gabon na jirani zake. Wafuasi wa Bwiti hula magome ya mizizi yake katika ibada zao tangu zamani. Ndani yake mna ibogaini, ambayo humtia mtu katika ndoto ilhali yu macho.

Mwezi Januari 2024, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza habari za askari wa zamani 30, waliopata majeraha ya ubongo, ambao walitibiwa kwa ibogaini huko Mexico, kwa kuwa kwao imepigwa marufuku. Baada ya mwezi mmoja dalili za kiwewe zilikuwa zimepungua kwa wastani wa asilimia 88. Habari hizo zinatia moyo. Walakini watu 30 ni wachache, wala hapakuwa na kundi jingine lisilopewa dawa ili kulinganisha. Tena ibogaini huweza kuvuruga mapigo ya moyo, na wako waliokufa kwayo. Ndiyo sababu askari wale walipewa pia madini ya magnesi kuukinga moyo. Si dawa ya kujaribiwa nyumbani.

Mwezi Juni 2025 jimbo la Texas liliweka sheria ya kutenga dola milioni 50 za umma kwa utafiti wake. Hatua hiyo ina haki ndani yake. Ibogaini ilitambuliwa na wanakemia tangu 1901, na kitu cha kale namna hiyo aghalabu hakiwavutii wafanyabiashara wa dawa. Umma ndio uliowapeleka vijana vitani. Si haki mke wa askari auze vyombo vya nyumba ili mumewe akatibiwe ng'ambo kwa kubahatisha. Utafiti ulio wazi utaonyesha nani anaponywa na nani anahatarishwa.

Limebaki deni moja. Gabon iliitangaza iboga kuwa urithi wa taifa mwaka 2000. Dawa hii ikithibitika, walioutunza mzizi na maarifa yake wasiachiwe mashimo matupu msituni. Wahenga walinena: mla cha mwenziwe, na chake huliwa.