Maumivu ya mkono wakati wa palizi: usiyazime kwa vidonge ili uendelee kulima

Leo siandiki kuhusu viwavijeshi wala bei ya mbolea. Naandika kuhusu jambo ambalo kila mwaka kati ya Desemba na Februari nalikuta mashambani huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, na sijawahi kuliona kwenye kalenda yoyote ya kilimo: mkono uliogoma. Kiwiko kinawaka ukiinua hata sufuria ya chai. Dole gumba halikubali kukamua. Bega halikuruhusu kulala upande huo. Mtu ana ekari mbili za mahindi, magugu yanakimbizana na mbolea, na hawezi kukaza ngumi kwenye mpini.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Maumivu haya si uvivu, si kurogwa, na kwa wengi si uzee. Ni jeraha la kazi, sababu yake inajulikana, na tiba yake kubwa haiuzwi dukani. Tiba hiyo ni kupunguza kazi iliyoleta maumivu, kisha kuurudisha mkono kazini taratibu. Hilo haliwezekani kama familia haijakubali kupanga kazi upya, ndiyo maana naona ni suala la ugani na si la zahanati peke yake. Mimi ni bwana shamba, si tabibu. Mambo ya tiba yaliyomo humu nimeyapitia pamoja na tabibu wa zahanati yetu.

Kinachouma ni nini

Aliyewahi kula kongoro anazijua kano. Ni zile kamba nyeupe, ngumu, zinazovutika mdomoni. Kazi yake ni kuunganisha msuli na mfupa. Wewe unazo pia: kwenye kiwiko, kwenye kifundo cha mkono, begani, kisiginoni. Watu wengi huziita mshipa, na ndiyo maana utasikia "mshipa umekaza" au "mshipa umevimba". Kwenye karatasi ya hospitali huandikwa tendinaitisi.

Kano hupata damu kidogo kuliko msuli. Msuli uliochoka hupona kwa siku chache, lakini kano iliyochakaa huhitaji wiki nyingi, na mara nyingine miezi. Nyuzi zake huumia kidogo kidogo kila unapopiga jembe, na usiku hujitengeneza. Ukizipiga kwa kasi kuliko zinavyojitengeneza, zinaanza kuharibika. Hakuna siku moja unayoweza kusema "hapa ndipo nilipoumia", na kwa sababu hiyo watu hawaamini kwamba ni jeraha.

Kujipima si kazi ngumu. Weka kiganja kikitazama chini, kisha jaribu kuinua kiti kwa kushika mgongo wa kiti. Ukisikia maumivu upande wa nje wa kiwiko, karibu na ule mfupa uliotokeza, huenda ni kano za kiwiko. Kwa dole gumba, likunje ndani ya ngumi, kisha pinda mkono kuelekea upande wa kidole kidogo. Ukihisi maumivu makali juu ya kifundo upande wa dole gumba, ni ule ugonjwa ambao daktari mpasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliueleza mwaka 1895. Huwapata sana kina mama wenye watoto wachanga, kwa ule unyanyuaji wa mtoto kwa kumkamata chini ya makwapa huku madole gumba yakielekea juu. Mama huyohuyo akirudi kukamua ng'ombe asubuhi na jioni, mkono wake unapumzika saa ngapi?

Siku ya kwanza ya palizi

Wengi wanadhani ukubwa wa kazi ndio unaoumiza. Kwa sehemu ni kweli, lakini kinachoumiza zaidi ni kazi kupanda ghafla. Kuanzia Julai hadi Oktoba wengi wetu hatushiki jembe kila siku. Mvua inanyesha, na mtu anaingia shambani saa 12 asubuhi na kutoka saa 10 jioni, siku sita mfululizo.

Nawauliza wenye maksai: ng'ombe waliokaa miezi minne bila kazi, utawafunga jembe siku ya kwanza na kulima kutwa? Hakuna anayefanya hivyo. Unawaanzisha kwa saa chache za asubuhi, unaangalia shingo zao, unaongeza siku hadi siku. Maksai tunawapa wiki nzima ya kuzoea, mama mwenye nyumba hatumpi hata siku moja. Hapa nawasema hasa wanaume wenzangu, kwa sababu nimesikia kwa masikio yangu mtu akisema mke wake "anajifanya mgonjwa kila palizi ikifika". Kila palizi ikifika ndiyo jibu lenyewe, ndugu yangu.

Kwa hiyo wiki ya kwanza lima nusu siku. Badilisha kazi kila saa moja au mbili: palizi, kisha kupunguzia miche au kuweka mbolea, kisha palizi tena. Badilisha na mkono unaotangulia kwenye mpini, hata kama utaonekana kama mgeni wa jembe kwa siku mbili. Usipande shamba lote siku moja kama palizi yote inategemea mikono miwili. Ukipishanisha vipande kwa siku nne au tano, palizi ya kwanza, inayotakiwa wiki ya 2 hadi ya 3 baada ya mahindi kuota, haitakuangukia yote kwa pamoja.

Kisha litazame jembe lenyewe. Jembe butu hulazimisha kupiga kwa nguvu na mshtuko wote huishia kwenye kiwiko. Tupa moja inatosha mtaa mzima, na kunoa ni kazi ya dakika chache kila asubuhi. Mpini mwembamba sana unakulazimisha kuukaba, na mpini mnene sana vidole haviufungi vizuri. Ulio sawa, ukiushika, ncha za vidole hukaribia dole gumba bila kubanana. Na jembe zito la kulimia si jembe la palizi. Tumia dogo.

Wenye bomba la mgongoni la lita 16, mjue kwamba lita 16 za maji ni kilo 16 kabla hujahesabu bomba lenyewe. Mkono wa kupampu hauachii hadi tangi liishe. Jaza nusu au zaidi kidogo. Utarudi kuchota mara nyingi zaidi, na hizo safari ndizo mapumziko ya mkono.

Kuhusu kukamua, wafugaji wengi bado wanavuta chuchu kwa dole gumba na kidole cha shahada. Tunawaambia siku zote waache kwa sababu kunaumiza chuchu za ng'ombe. Leo naongeza sababu ya pili: kunaumiza kano za dole gumba lako. Kamua kwa ngumi, ukifunga vidole kimoja baada ya kingine kutoka juu kwenda chini, baada ya kupaka mafuta ya kukamulia. Kazi inagawanyika kwa vidole vyote.

Vidonge na sindano

Hapa ndipo sikubaliani na mazoea ya wengi. Mkono ukiuma, mtu anakwenda duka la dawa, ananunua diklofenaki au ibuprofeni, anameza asubuhi na kwenda kulima. Maumivu yanapungua, anapiga jembe kama kawaida, na kano inaendelea kuchanika chini ya dawa. Vidonge hivyo vinaweza kusaidia kwa siku chache unapopumzisha mkono. Kuvitumia ili uendelee kulima ni sawa na kukata waya wa taa ya mafuta kwenye bodaboda kwa sababu inakusumbua macho. Tena vikitumika muda mrefu huleta vidonda vya tumbo, na ni hatari kwa mwenye shinikizo la damu, mwenye tatizo la figo na mjamzito. Kama unahitaji kitu, jeli ya diklofenaki ya kupaka ina madhara machache zaidi mwilini.

Usikubali kuchanganyiwa deksamethasoni au prednisoloni ndani ya kile kipakiti cha "mchanganyiko wa maumivu". Hizo ni steroidi, zina kazi zake, na za kumeza bila vipimo hupandisha sukari na shinikizo la damu.

Kuna na hili, ambalo wauzaji wa dawa wanaonisoma naomba walisome mara mbili. Siprofloksasini, dawa ambayo watu wengi hununua kwa "taifodi" au mkojo, inaweza yenyewe kudhoofisha kano, hata kuikata. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liwekwe kwenye dawa za kundi hilo. Hatari ni kubwa zaidi kwa aliyevuka miaka 60 na kwa anayetumia steroidi. Kama umeandikiwa hospitalini usiiache kwa sababu yangu, ila ukisikia maumivu mapya kisiginoni au begani rudi kwa aliyekuandikia. Na usiinunue kienyeji.

Sindano ya steroidi kwenye kano huchomwa na mtaalamu aliyefunzwa. Kwa dole gumba mara nyingi inasaidia. Kwa kiwiko ni tofauti: hutuliza wiki za mwanzo, lakini tafiti zimeonyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliochomwa walikuwa na hali mbaya kuliko wasiochomwa. Uliza kabla hujakubali. Chale juu ya kano sizishauri kabisa, kwa sababu unafungua mlango wa vijidudu mahali penye damu kidogo. Kuchuliwa taratibu na mafuta si tatizo, lakini kuvutwa na "kunyooshwa" kwa nguvu kutaongeza jeraha.

Kuurudisha mkono

Siku za mwanzo acha kabisa ile kazi inayouma, lakini usiufunge mkono na kuuweka kama yai. Kano isiyotumika inadhoofu. Endelea na kazi zisizoleta maumivu. Kitambaa chenye maji baridi kwa dakika 10 hadi 15 kinatuliza. Dole gumba lisaidie kwa kufunga kitambaa au bandeji inayolizuia lisipinde, bila kukaza hadi vidole vife ganzi.

Maumivu makali yakipungua, anza zoezi hili la kiwiko. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ijaze. Laza mkono mezani, kiganja kikitazama chini, kifundo kining'inie ukingoni. Tumia mkono mzima kuuinua ule mgonjwa na chupa yake, kisha uachie ushuke wenyewe, polepole, ukihesabu hadi tano. Rudia mara 15, pumzika, fanya hivyo mizunguko mitatu, kila siku. Maumivu madogo wakati wa zoezi si tatizo. Ukiamka kesho yake mkono unauma kuliko jana, punguza maji kwenye chupa. Ukizoea, hamia chupa ya lita moja, halafu moja na nusu. Jipe wiki 6 hadi 12. Najua ni muda mrefu. Wanaoacha wiki ya tatu kwa sababu "nimepona", wakarudi kutwa nzima shambani, ndio ninaowakuta mwakani na malalamiko yaleyale.

Sasa, nani atapalilia wiki hizo? Kaeni kama familia kabla ya kupanda na mpange nani atashika nafasi ya nani. Kazi ya zamu na majirani inasaidia: mwenye mkono mgonjwa apike, asambaze mbolea, aangalie watoto wa wote, na wengine wapige jembe kwake. Kama kuna pesa ya kibarua, itumie kwenye palizi ya kwanza, hata kama itabidi upunguze eneo la kupanda. Nusu ekari iliyopaliliwa kwa wakati naipendelea kuliko ekari nzima iliyomezwa na magugu huku mwenyewe amelala na mkono.

Wafanyabiashara msidhani mmesalimika. Kupukuchua mahindi kwa mikono, kuchota kwa kopo kutwa nzima na kushika magunia kwa ncha za vidole kunaleta ugonjwa uleule. Lumbesa, mbali na kuwa kinyume cha sheria ya vipimo na kumwibia mkulima, inavunja bega la kijana anayeipakia. Pakia kilo 100 au pungufu, inueni wawili. Kama gulio lenu linakusanya mahindi mengi, changieni kukodi mashine ya kupukuchua.

Mwisho, yapo maumivu ambayo si ya kungoja. Vidole vikifa ganzi usiku, huo ni mshipa wa fahamu, nenda ukapimwe. Vivyo hivyo viungo vya mikono yote miwili vikikakamaa kila asubuhi kwa zaidi ya saa moja. Ukisikia kitu kimekatika ghafla na mkono ukakosa nguvu, nenda siku hiyohiyo. Na aliyechomwa na mwiba au msumari kwenye kidole, kisha kidole kikavimba chote, kikawa chekundu na hakinyooki bila maumivu makali, ana uambukizo ndani ya mfuko wa kano. Huyo asikandwe na asipakwe chochote. Apelekwe hospitali saa hiyo, hata kama ni usiku.