Skana ya Simu Inakudanganya

Haya, leo nina jambo moja tu na nitalisema bila kuuma maneno: hizi programu za simu zinazojiita skana hazifai kuhifadhia kadi. Sijali zimepewa nyota ngapi. Mimi huandika programu ili nile, najua zinavyofanya kazi ndani, na ndiyo sababu siziamini.

Kadi ninazozungumzia ni za kredo, zile za kukwaruza. Usicheke. Wajapani wana Pokémon, Wamarekani wana kadi za wachezaji wa besiboli. Sisi tuliokulia Kocholia, katikati ya Malaba na Busia, tulikuwa na kadi za kredo tulizookota mbele ya vibanda, na tulikuwa na bahati ambayo mtoto wa Nairobi hakuwa nayo: tulikusanya za nchi mbili. Upande huu Safaricom na KenCell, upande ule MTN na UTL. Mbili za Safaricom kwa moja ya MTN, hiyo ndiyo ilikuwa bei yetu, na ikiwa imekunjika pembe tunaanza kubishana upya.

Sasa angalia yaliyotokea. KenCell ilianza mwaka 2000, ikawa Celtel 2004, ikawa Zain 2008, ikawa Airtel 2010. Mtandao mmoja, majina manne ndani ya miaka 10. Yu ilikuja 2008, na kufikia 2014 ilikuwa imeuzwa kwa Safaricom na Airtel. Septemba 2006 Celtel walileta One Network kwa Kenya, Uganda na Tanzania: unavuka mpaka, unapiga simu kwa bei ya wenyeji na unaweka kredo ya kadi uliyonunua huko huko. Kwa mtu wa Busia hilo halikuwa tangazo la gazetini, lilikuwa maisha ya kila siku. Mabango yote hayo yamepakwa rangi mpya. Kilichobaki mikononi mwa watu ni kadi, nazo zinachakaa.

Kwa hiyo nafurahi kuona watu wameanza kuzikusanya na kutumiana picha zake. Ninachokasirikia ni picha zenyewe. Juzi jamaa mmoja alinitumia 43 kwa mpigo. Zimenyooka kama rula, nyeupe pe pe pe, na hakuna hata moja inayofaa. Tarehe ya mwisho wa matumizi haisomeki. Nambari ya mfululizo imegeuka ukungu. Rangi ya Celtel, ile nyekundu na manjano tunayoikumbuka wote, imekuwa kama ya chupa ya soda.

Ngoja nikueleze kinachofanyika. Programu inatafuta pembe nne za kadi, halafu inaivuta picha mpaka pembe hizo zikae kwenye mstatili. Hesabu yake si ya ajabu. Kwa maktaba ya OpenCV ni mistari michache, mwanafunzi wa chuo anaimaliza kabla ya chai ya saa nne. Shida ni kwamba kadi nyingi hazina pembe kali, zimeviringwa, kwa hiyo programu inakisia pembe ilipo. Uwiano wa urefu na upana nao mara nyingi inaukisia. Na hesabu hiyo inadhani kitu ni bapa. Kadi iliyokaa miaka 15 kwenye kopo la Kimbo si bapa! Inatoka imenyooka kingo, imepinda maandishi katikati.

Halafu inakuja "kuboresha". Hapa ndipo uharibifu wenyewe ulipo. Programu hizi zilitengenezwa kwa ajili ya risiti na barua: maandishi meusi, karatasi nyeupe. Kila kilicho hafifu kinasukumwa kuwa cheupe, kila kilicho kizito kinasukumwa kuwa cheusi. Kadi ya kredo ina maandishi madogo ya kijivu juu ya rangi. Unafikiri yanasukumwa wapi?

Na usidhani ni mambo ya simu za bei rahisi. Mwaka 2013 mtaalamu wa Ujerumani, David Kriesel, aligundua kwamba mashine za ofisini za Xerox zilikuwa zinabadilisha tarakimu. Si kuzififisha, kuzibadilisha! Kwenye ramani ya nyumba, vyumba vyenye mita za mraba 21.11 na 17.42 vilitoka vyote vikiwa 14.13, safi kabisa, bila doa. Chanzo kilikuwa mbinu ya kubana faili iitwayo JBIG2: ikiona alama mbili zinafanana, inatumia moja mahali pa zote. Xerox walilazimika kutoa marekebisho. Tangu nisome habari ile, skani iliyo safi kupita kiasi hunitia wasiwasi kuliko ile chafu.

Kunyoosha kunafanyika kwa mkono, kabla ya kubonyeza chochote. Tafuta skana ya kioo, ile bapa. Usibananishe kadi na ukingo wa kioo, skana nyingi hukata milimita kadhaa pale na fremu inaweka kivuli. Kata kadibodi umbo la L kwa rula na kisu kikali, ibandike juu ya kioo kwa selotepu, skani karatasi yenye mistari uone kama iko sawa, rekebisha. Kazi hiyo unaifanya mara moja, kisha kila kadi inalala mahali pale pale. Kadi ya ukubwa wa ile ya benki, kwa nukta 600 kwa inchi, ni pikseli kama 2,022 kwa 1,275. Ikienda upande digrii 1 tu, ncha moja inapishana na nyingine kwa pikseli 35. Ukiizungusha kwa programu, kila pikseli inachanganywa na majirani zake na herufi ndogo zinaanza kufifia.

Weka karatasi nyeusi nyuma ili kingo nyeupe zionekane. Itoe kadi kwenye plastiki, hasa kama skana yako ni nyembamba ya sensa ya CIS kama Canon LiDE, maana hizo huona vizuri kile tu kinachogusa kioo. Za CCD kama Epson V600 huvumilia kadi iliyojikunja, ila ni ghali na ni kubwa kama begi la shule. LiDE kwangu imeshinda kwa sababu nyingine: inakula umeme wa USB. Stima zikipotea, laptopu ikiwa na chaji, kazi inaendelea.

Usishuke hadi nukta 150 au 200. Kadi zimechapwa kwa vinukta vya rangi, vikigongana na vya skana unapata mawimbi ambayo hayapo. Skani kwa 600, zima kila kitu kinachoanza na "otomatiki", hifadhi PNG au TIFF. NAPS2 kwenye Windows ni ya bure, na Linux ina Simple Scan. Ule utepe wa fedha wa kukwaruza utatoka mweusi. Mwanga wake umerudi kwingine, si kosa la skana.

Najua utaniambia skana ni pesa na simu unayo tayari. Sawa, si kila mtu atanunua, na saiba nyingi za Busia na Malaba zina moja imefunikwa kitambaa. Omba nukta 600, usikubali "hii inatosha". Hata simu inaweza, lakini tumia kamera ya kawaida, si hali ya skana. Iweke juu ya kigoda chenye tundu au vitabu viwili, itazame chini wima, isogeze mbali kidogo kisha uvute mara 2, mwanga wa dirisha kutoka pande mbili, fleshi zima. Na ukinitumia kwa WhatsApp, itume kama faili, si kama picha.